Hivi simu inahitaji antivairasi kweli, au tunauziwa mbuzi kwenye gunia?

#1 Mkazi wa Segerea

Wakuu habari za jioni. Uzi utakuwa mrefu kidogo, mwenye haraka apite, mwenye chai avute kiti.

Shangazi yangu anakaa Buguruni, ana genge la nyanya na vitunguu, na ndiye mweka hazina wa kikoba chao cha akina mama ishirini na kitu. Juzi Jumatano nimefika kwake jioni nikamkuta kakaa barazani, simu kaitia kwenye ndoo kaifunika na sufuria, kama mtu aliyekamata panya. Nikamwamkia, hata shikamoo haikuitikiwa. "Baba, hii kitu ina shetani. Usiiguse."

Kilichotokea ni hiki. Asubuhi WhatsApp ilimletea kadi ya mchango wa harusi kutoka kwenye namba ya mama mmoja wanayesali naye. Mnajua kadi za mchango zilivyo mjini hapa, wiki haipiti. Ila hii haikuwa picha. Lilikuwa faili limeandikwa Kadi ya Mchango, na mwisho wa jina kuna herufi tatu, apk. Akabonyeza. Simu ikamwambia hairuhusiwi kusakinisha programu kutoka huko. Akaingia setingi, akawasha kile kitufe, akarudi, akasakinisha. Ikaomba kusoma meseji zake, akaruhusu. Ikaomba na kitu kingine ambacho hakumbuki, akaruhusu nacho. Kadi haikufunguka. Akajua bando limekata, akaendelea kupanga nyanya mafungu.

Saa nane mchana WhatsApp yake ikajitoa yenyewe. Saa tisa, kwenye grupu la kikoba, jina lake na picha yake ya kanga vikaandika: "Ndugu zangu laini yangu ina shida, hela za wiki hii tumeni namba hii, jina litakuja la mdogo wangu." Akina mama watatu wakatuma elfu thelathini thelathini. Wa nne ni jirani yake wa ukuta kwa ukuta, akaona kutuma ni kupoteza hela ya makato, akaenda kupiga hodi ampe mkononi. Ndipo ikajulikana.

Sasa kuna kijana wa pale mtaani kaja na suluhisho. Anasema shangazi angekuwa na antivairasi haya yasingemkuta, kuna moja ya kulipia kwa mwaka, yuko tayari kumuwekea. Nikamwambia ngoja kwanza, niulize wakubwa. Wajuvi wa mambo, simu inahitaji antivairasi au haihitaji?

#2 Komando wa Data

Haihitaji. Uzi ufungwe.

#3 Bibie Tandika

Wewe #2 unajibu kama karani wa dirishani saa saba na nusu. Weka nyama.

#4 Komando wa Data

Haya dada, nyama hii.

Kwenye Android kila aplikesheni inapewa chumba chake na kufuli lake. WhatsApp haiingii chumba cha kalkuleta, kalkuleta haiingii chumba cha benki. Antivairasi nayo ni aplikesheni kama nyingine, ni mpangaji tu. Watu wanadhani ni mlinzi wa geti mwenye funguo zote kama ilivyo kwenye kompyuta. Hapana. Inachoweza ni kusoma orodha ya wapangaji na kukagua mafaili yao ya usakinishaji, kisha kukwambia huyu simwelewi. Kinachoendelea chumbani kwa mtu haikioni. Kwenye iPhone ndiyo kabisa, hata hiyo orodha hainyimwi kidogo, inanyimwa yote. Mwaka 2015 Apple waliziondoa aplikesheni za antivairasi kwenye duka lao.

Halafu hiyo kazi ya kukagua orodha, simu nyingi za Android zinaifanya bure. Tangu 2017 kuna kitu kinaitwa Play Protect, kimo ndani ya Play Store yako, kinakagua hata programu ulizoletewa nje ya duka. Fungua Play Store, gusa picha yako juu, utakiona. Watu wengi hawajawahi kukigusa tangu wanunue simu.

Na hao wauzaji wenyewe sasa. Mwaka 2014 kulikuwa na aplikesheni Play Store inaitwa Virus Shield, dola 3.99, ikapanda hadi juu kabisa ya orodha ya zinazouzwa, watu zaidi ya 10,000 wakanunua. Waliokuja kuifungua ndani wakakuta kazi yake ni moja: ukigusa ngao, alama ya X inageuka kuwa tiki. Basi. Google wakarudisha hela za watu.

2019 maabara ya Austria, AV-Comparatives, wakazijaribu antivairasi 250 za Android. Zilizoweza kunasa japo zaidi ya asilimia 30 ya programu mbovu zilikuwa 80 tu. Nyingine zilikuwa zinaitilia shaka kila programu isiyo kwenye orodha yao ya marafiki, na kwa vile watengenezaji wa baadhi walisahau kuziandika zenyewe kwenye orodha, zikajikamata zenyewe. Sitanii.

Mwaka 2022 kampuni ya usalama wa mitandao ya Check Point wakakuta aplikesheni 6 za antivairasi ndani ya Play Store zimebeba SharkBot, mwizi wa nywila za benki. Mlinzi ndiye jambazi.

#5 Mpita Njia

Nakaa hapa 🪑

#6 Mzee Kitochi

Wanangu mnaongea kana kwamba simu zimeanza na Android. Ngojeni niwape kisa.

Mwaka 2004 nilikuwa na Nokia 6600, ile ya tumbo. Enzi hizo ukiwa nayo unapanda daladala la Mwenge–Posta unaishika mkononi makusudi. Juni mwaka huo ndipo kikatangazwa kirusi kinaitwa Cabir, kwa simu za aina hiyo hiyo. Kilikuwa kinasafiri kwa Bluetooth. Kazi yake kubwa ilikuwa kuandika neno Caribe kwenye kioo na kutafuta simu nyingine usiku na mchana, mpaka betri inakwisha. Agosti 2005 kikavuma kwenye mashindano ya riadha ya dunia pale Helsinki, maelfu ya watu uwanja mmoja, Bluetooth zimewashwa.

Sasa sikilizeni kilivyokuwa kinaingia. Hakikuvunja mlango. Kilikuwa kinakuuliza: upokee ujumbe? Ukisema hapana, kinauliza tena. Hapana. Kinauliza tena. Watu wakachoka wakasema ndiyo, kisha wakaulizwa kama wasakinishe, wakasema ndiyo tena. Dawa ilikuwa kuondoka pale ulipo, usogee mita kumi na kitu mpaka Bluetooth ya yule mwenye kirusi isikufikie. Nilikuwa na rafiki ofisini Posta aliyekuwa akiona ombi la Bluetooth tu anahama meza.

Na kabla ya hapo, mwaka 2000, kwenye vile vijikompyuta vya mkononi vya Palm vilivyokuwa na kalamu, kulikuwa na Liberty Crack. Ilijifanya kuwa ni programu ya kuchezea magemu ya Game Boy, ya kulipia, imevunjwa kufuli ili uipate bure. Ukiifungua inafuta programu zote zilizomo. Yaani mtu alitaka dezo, dezo ikamfutia kila kitu.

Huyo shangazi yako kaulizwa mara tatu akasema ndiyo mara tatu. Miaka ishirini hakuna jipya.

#7 Mkazi wa Segerea

Mzee shikamoo. Hapo umepiga mule mule, na ndicho nilichokuwa nacho kichwani ila sikujua kukisema. Kirusi cha simu kinapiga hodi. Hakiruki ukuta. Tatizo letu ni kwamba sisi watu wa pwani ukisikia hodi unasema karibu hata hujamaliza kuvaa.

#8 Mzee Kitochi

Marahaba.

#9 Mbishi wa Kimara

Naomba kupinga. Hiyo ya hodi ni tamu kuisema lakini si kweli yote.

2015 ilipatikana kasoro kwenye Android ikaitwa Stagefright. Ujumbe wa video wa MMS ulitosha, hujafungua, hujagusa. 2019 WhatsApp wenyewe walisema watu wapatao 1,400 walilengwa na programu ya kijasusi ya Pegasus, ya kampuni ya NSO ya Israel, kwa kupigiwa simu ya WhatsApp. Hata usipopokea. 2021 ikawa iMessage ya iPhone, hakuna cha kubonyeza wala cha kuruhusu. Hodi iko wapi hapo?

Halafu kuna waliozaliwa ndani. 2019 hiyo hiyo Google walieleza jinsi programu mbovu ya Triada ilivyoingizwa kwenye baadhi ya simu huko huko zinakotengenezewa mfumo, kabla hazijafika dukani. Unanunua simu mpya, unachana nailoni, mwizi yuko sebuleni anaangalia tamthilia.

Kwa hiyo kinga inahitajika. Msiwadanganye watu.

#10 Komando wa Data

Mkuu #9, swali dogo. Katika hivyo ulivyotaja, ni kipi ambacho antivairasi ya kijana wa Buguruni ingekizuia?

#11 Mbishi wa Kimara

Hakuna. Stagefright ilizibwa kwa apdeti. Pegasus inatafutwa na watu wa maabara kama Citizen Lab ya Chuo Kikuu cha Toronto, tena kwa kazi. Triada ya kiwandani ukiifuta inarudi, kwa sababu imo kwenye mfumo wenyewe.

Ila hoja yangu inabaki. Kinga ni apdeti, na simu za laki moja na nusu tunazonunua hazipati apdeti. Angalia setingi ya simu yako, tarehe ya marekebisho ya usalama. Ya mke wangu imesimama miaka mitatu nyuma. Mtu kama huyo humwambii "usibonyeze tu".

#12 Bibie Tandika

Yangu imeandika Aprili 2021 😳

#13 Fundi wa Aggrey

Salaam wakuu. Mimi niko Kariakoo mtaa wa Aggrey, meza ndogo, nina mwaka wa kumi na moja kwenye simu. Sitabishana na wasomi, nasema ninachokiona mezani.

Mteja akija anasema "fundi, simu yangu ina virusi", nyingi ya hizo ni matangazo. Unafungua kioo tangazo, unapokea simu tangazo. Namuuliza uliweka nini karibuni? "Hamna kitu." Naingia kwenye orodha, nakuta kisafishaji, kipoza betri, kiongeza kasi, tochi. Tochi, na simu imekuja na tochi! Imetoka wapi? Alikuwa anatafuta mechi mtandaoni, kukatokea ukurasa mwekundu unapiga kelele, simu yako ina virusi 13, bonyeza hapa usafishe. Akabonyeza. Ule ni ukurasa wa wavuti tu, hauna macho ya kuona ndani ya simu yako. Ndio unaoleta hao virusi. Wengine hawajasakinisha chochote, waliruhusu tu tovuti iwatumie arifa. Naiondoa ruhusa kwenye Chrome, dakika moja, wanashangaa nawadai elfu mbili.

Kundi la pili ni WhatsApp za njano na za bluu, zisizo za kampuni yenyewe, zile za kuona meseji iliyofutwa. 2021 kampuni ya antivairasi ya Kaspersky walikuta toleo la FMWhatsApp, mojawapo ya hizo, limebeba Triada hiyo hiyo aliyoitaja #9. Nawaambia vijana, wananijibu "fundi, bila hiyo nitajuaje alichofuta?" Sina dawa ya hiyo.

Kundi la tatu ni kama shangazi. Hao wanaongezeka. Mkuu wa uzi, kile kitu kingine alichoruhusu na hakikumbuki, ninavyojua mimi ni ile sehemu ya Ufikivu, iliyowekwa kwa ajili ya watu wasioona vizuri, ili simu iwasomee kioo na kuwabonyezea. Programu ikipewa hiyo inasoma kila kilichoandikwa kwenye kioo na inabonyeza badala yako. Hapo vile vyumba alivyosema Komando havina maana, umempa mtu kiti mbele ya mlango wa kila chumba. Android 13 kuendelea imeweka kizuizi pale kwa programu za nje ya duka, ila watu wanafundishwa namna ya kukipita kwa skrini shoti, hatua kwa hatua. Sasa hivi mwambie azime data, atoe laini, asiingize namba yoyote ya siri kwenye hiyo simu. Uilete Jumamosi.

#14 Da Zai

Naomba niongeze jambo ambalo mtasema si virusi lakini mimi liliniumiza kuliko virusi.

Mwaka juzi nilikwama ada ya mtoto, nikashusha aplikesheni ya mkopo, ilikuwa Play Store kabisa, nyota nne. Nikaomba laki, nikapewa elfu sabini na kitu, nirudishe ndani ya wiki. Ilipoomba kuona majina ya kwenye simu nikaruhusu, nani anasoma yale maneno na shule inafungua Jumatatu? Nilichelewa siku mbili. Wakaandikia kila mtu. Bosi, mchungaji, fundi cherehani, mama mkwe Moshi. "Mtu huyu ni mdaiwa sugu na amekuweka wewe kuwa mdhamini." Mama mkwe alinipigia saa tano usiku.

Antivairasi nilikuwa nayo, ya kulipia, alinikatia mume wangu. Siku zote ilikuwa inaniandikia "uko salama" na ngao ya kijani. Haikuwa na kosa, kwa sababu hakuna aliyeiba, majina niliyatoa kwa mkono wangu.

Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa 69 ya mikopo yanayofanya kazi bila leseni. Niliitafuta ile niliyotumia. Imo.

#15 Bibie Tandika

Pole sana dada. Mama mkwe mlipatana?

#16 Da Zai

Alilipa yeye deni. Mpaka leo hajasema kitu na mimi sijasema kitu.

#17 Kijana wa Mabibo

Mimi memori kadi yangu niliipeleka kuwekewa nyimbo pale kibandani, ikarudi nyimbo mia mbili na mafolda yote yamegeuka vishale. Nikaja kuichomeka stationari kuprinti CV, yule dada akanifukuza kama mwizi, anasema kompyuta zote nimeziua. Sasa simu yangu ina virusi au haina?

#18 Komando wa Data

Haina. Hiyo ni ya Windows, inaficha mafolda yako na kuweka vishale vya uongo ili mtu avibonyeze. Simu yako ni mbebaji tu, kama mbu, yeye haumwi malaria. Ila hapo ndipo antivairasi inapohitajika kweli: kwenye kompyuta ya kile kibanda cha nyimbo na ya yule dada wa stationari. Mafolda yako yapo, yamefichwa. Usiformati.

#19 Dili Tupu

Wakuu nina antivairasi orijino, zimevunjwa kufuli, unalipa mara moja maisha yako yote, elfu tano tu, natuma APK kwa WhatsApp. Njoo inbox.

#20 Mzee Kitochi

Liberty Crack huyo, kafufuka.

#21 Mpita Njia

😂😂😂 Mods mwacheni, asifutwe, ni somo.

#22 Mkazi wa Segerea

Wakuu, mrejesho.

Jumamosi nilienda Aggrey na shangazi. Alikuja na simu kwenye mfuko wa rambo, kaufunga fundo mbili. Fundi akaiwasha kwa hali salama: alishikilia kitufe cha kuzimia, kisha akalikandamiza neno Zima mpaka ikauliza. Hapo zinawaka programu zilizokuja na simu tu, nyingine zinalala. Akaingia kwenye orodha. Hakuna kitu kinachoitwa Kadi ya Mchango. Akashuka taratibu mpaka tukaikuta moja yenye picha ya gia ya kijivu, imejiita Huduma ya Mfumo. Kitufe cha kuifuta kimefifia, hakibonyezeki. Fundi akacheka peke yake, "imejipa uongozi." Akaenda sehemu ya programu zenye mamlaka ya kusimamia simu, akaivua cheo, akaivua na Ufikivu, akarudi. Kitufe kikawaka. Akamwambia shangazi, "Mama, futa wewe." Shangazi akabonyeza na kidole gumba, kwa nguvu, akakiacha pale juu kama anaua kunguni.

WhatsApp ikasumbua. Alivyoeleza fundi, mwizi aliandikisha namba ya shangazi kwenye simu yake, zile tarakimu 6 zikaja kwa meseji, na ile gia ikamsomea. Tulipoiandikisha upya tukapata tarakimu zetu, na mwizi akatoka muda ule ule. Lakini alikuwa ameshaweka PIN yake ya hatua mbili, ile namba ya siri ya pili ya WhatsApp, kwa hiyo inabidi kusubiri siku 7 ndipo shangazi aingie. Angekuwa ameiweka yeye mapema, mwizi angekwama pale pale. Fundi kaniwekea na mimi, nilikuwa sina. Namba ya wizi tumeituma 15040, ile ya kuripoti matapeli, na polisi Buguruni wametupa RB. Elfu tisini hatujaiona.

Play Protect ilikuwa imezimwa. Shangazi anakumbuka ile kadi ilimtokea na maneno mekundu, akafuata maelezo ya yule "mama wa kanisani" ya namna ya kuyaondoa. Yule mama naye alishaibiwa tangu Jumatatu, hakuwa yeye anayeandika.

Antivairasi hatukununua. Simu yake bado ina apdeti, tumeiweka zote mbili zilizokuwa zinasubiri, kwa bando langu. Mbishi wa Kimara, ya mke wako sina jibu, labda hela zikae kwenye laini ya kitochi na ile ya tachi ibaki ya picha na grupu, ndivyo mama mmoja wa kikoba anavyofanya siku zote na tulikuwa tunamcheka.

Jumapili kikoba kilikaa. Watatu waliotuma walitaka shangazi alipe, wengine wakasema kila mtu abebe lake, ikawa kelele hadi saa kumi na mbili. Wakaafikiana hazina ilipe nusu, na kuanzia sasa namba ya kutumia hela ikibadilika, mtu hatumi mpaka amsikie mweka hazina kwa sauti yake, au aende kwake kupiga hodi.

Sasa hivi naandika hii, shangazi kanitumia kitu kwa namba ya binamu: "Baba hii niifungue?" Nimeangalia. Ni picha, siyo faili. Kadi ya mchango, harusi ya binti wa mjomba wa Mbezi. Chini kuna majina ya wanafamilia na viwango. Nimewekewa laki na nusu.